Mimi si fundi wa feni, jamani

Nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme. Tasnifu yangu ni jinsi paneli za sola zinavyopandisha volteji kwenye laini za mtaani: adhuhuri jua kali, watu wako kazini, umeme hauna mtumiaji, zile volti 240 zinapanda. Hesabu tupu.

Lakini hapa Kisauni, Mombasa, nikifungua laptopu tu, hodi! "Mwanangu, feni yanguruma lakini haizunguki." Shikamoo sijaimaliza, feni ishatua mapajani.

"Yaelekea ni kapasita, mama. Mpelekee fundi aibadilishe."

"Kwani weye miaka yote hiyo wasomea nini?"

Juzi jirani alitaka nimfungie waya nyumba nzima. Nikamwambia kazi hiyo yataka leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati ya Kenya, digrii pekee haitoshi. Akacheka: "Sema hujui." Wallahi iliniuma, maana bisibisi niliishika mara ya mwisho nikiwa mwaka wa pili.

Malipo? Mahamri mawili kwa mbaazi. (Mbaazi zilikuwa tamu, sikatai.)

Na ile feni iko chini ya kitanda changu. Mwenyewe yuaja kesho.