Jumba Tupu la Kalasinga

Kijiji cha wazee wangu, wilaya ya Jalandhar, jimbo la Punjab kule India, kina majumba ya ghorofa tatu yenye marumaru mpaka chooni, na usiku taa zinazowaka unazihesabu kwa vidole. Huku Southall, London, mimi, mke, watoto watatu na mama mkwe tumebanana mpaka friji tumeiweka chini ya ngazi. Ila tukikutana harusini, kila mtu anasifia jumba lake la kule.

Babu mzaa babu alipanda meli kuja Mombasa kujenga reli, ile iliyoanza 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapanjabi. Wengi walirudi, yeye akabaki Kisumu na useremala wake, na rupia alizotuma ndizo zilizoigeuza nyumba ya udongo ikawa ya matofali ya kuchoma. Mwaka 1968 nusu ya ukoo ikakimbilia Uingereza kabla sheria mpya haijawafungia mlango. Mimi nilizaliwa Kisumu, nikaja baadaye.

Kijiji nacho hakikulala. Miaka ya 1960 ilileta mbegu za ngano fupi na visima vya pampu, Punjab ikalisha India. Kisha ukaja mpunga, ambao kule si chakula cha asili, ukanywa maji ya ardhini mpaka mwaka 2009 jimbo likatunga sheria ya kuzuia kupandikiza miche mapema kabla ya mvua. Sisi wa ng'ambo mchango wetu? Matangi ya maji juu ya paa! Pale Uppal Bhupa liko moja lenye umbo la ndege ya Air India. Kwingine utaona mpira, kwingine tai. Yanachekesha, sikatai, lakini chini yake mtaro wa maji machafu unapita wazi mbele ya lango.

Si lazima iwe hivyo. Kijiji cha Kharoudi, wilaya ya Hoshiarpur, hukohuko Punjab, waliohama walichanga, wakalaza mabomba ya majitaka chini ya ardhi na kuweka taa barabarani, mpaka Rais wa India, Abdul Kalam, akaenda kujionea. Na kuchanga tunajua: nani aliyesafiri barabara ya Mombasa asile bure kwenye hekalu letu la Makindu? Anayepita njia tunampikia, wa kijijini tunamfungia kufuli.

Nilipokwenda mwaka jana, funguo alikuwa nazo mlinzi, mtu wa Bihar, jimbo jingine la India, anayeishi na mkewe na watoto katika chumba kimoja kando ya zizi. Akaniuliza nitandikiwe chumba gani kati ya tisa. Nikalala barazani kwenye kitanda cha kamba. Asubuhi bintiye akaja na chai, akanisemesha Kipanjabi safi kuliko cha wanangu, kisha akachukua mkoba akaenda shule ya kijiji, akiruka ule mtaro.