Mlinzi akae kwenye programu au kwenye jedwali?

Chukua jedwali moja la ankara linalotumiwa na wateja mia mbili wa mfumo, na kila mmoja aone zake tu. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na kipande kifupi kinachobandikwa kwenye kila swali la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata): WHERE mteja_id = 57. Kinatosha, mpaka jioni moja mtu aandike ripoti ya harakaharaka akisahau. Ripoti inatoka na ankara za watu wote, na mfumo haulalamiki hata kidogo.

Hapo ndipo wanaotetea sera za mistari (row-level security), yaani kanuni zinazokaa kwenye jedwali lenyewe kuamua nani aone mistari ipi, wanapopata nguvu. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL ulipata uwezo huu katika toleo la 9.5, Januari 2016. Mwenzake, Oracle, ulikuwa nao wa aina yake tangu toleo la 8i. Unaliambia jedwali lenyewe:

CREATE POLICY zake ON ankara USING (mteja_id = current_setting('app.mteja')::int);

Hapo app.mteja ni namba ya mteja ambayo programu huiweka kwa kila ombi. Ukishawasha ulinzi kwa ALTER TABLE ankara ENABLE ROW LEVEL SECURITY, hifadhidata yenyewe ndiyo inayochuja, hata swali likija bila WHERE. Sharti hilohilo hukagua pia mistari inayoingizwa, usipoandika WITH CHECK, yaani sharti la pekee la uandishi. Kwangu mimi hoja hii ni nzito: ulinzi unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka ni ulinzi wa bahati.

Wanaopinga nao wana lao, na si uvivu. Ukiwasha ulinzi bila kuandika sera yoyote, swali halikatai. Linarudisha mistari sufuri. Mtu anaweza kutafuta data "iliyopotea" asubuhi nzima, kumbe imefichwa tu. Kisha kuna spidi. Sharti jepesi juu ya safuwima yenye faharasa halisumbui, lakini sera inayochungulia majedwali mengine matatu kwa kila mstari utaihisi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kudhani upo salama. Mwenye jedwali hapitiwi na sera hizo mpaka uandike FORCE ROW LEVEL SECURITY, na msimamizi mkuu hazimgusi kabisa. Sasa hesabu ni programu ngapi huingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ileile iliyounda majedwali. Mwonekano (VIEW), yaani swali lililohifadhiwa linalotumiwa kama jedwali, nao husoma kwa haki za mwenye mwonekano huo. Security_invoker, inayobadilisha hilo, ilikuja na toleo la 15 la PostgreSQL.

Kuna pia miunganisho inayopokezanwa, yaani muunganisho mmoja na hifadhidata kutumiwa na maombi mengi kwa zamu. Ombi la mteja 57 likiweka app.mteja kwa SET ya kawaida, muunganisho ukarudishwa bila kusafishwa, ombi la mteja 58 laweza kuurithi na kusoma ankara za mwenzake. SET LOCAL ndani ya muamala (transaction) huisha na muamala huo, kwa hiyo tumia hiyo.

Mimi ningeweka kwenye jedwali ukuta mmoja tu, wa kutenganisha wateja, kwa sharti la mstari mmoja. Nani aidhinishe ankara kubwa, au meneja aone idara zipi, hayo yabaki kwenye msimbo, yanakosomeka na kujaribiwa kwa urahisi, maana hubadilika kila mara.

Na kabla ya kutangaza kuwa ukuta upo, ingia kwa akaunti ya programu, si yako, usiweke mteja yeyote, uandike SELECT count(*) FROM ankara. Sufuri au hitilafu, sawa. Ukiona elfu nane, bado hujajenga kitu.