Kabla ya kutia oili nzito, dai geji ya presha

Ukiwa na Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyokwisha kula kilomita za kutosha, iwe IST, Vitz, Spacio au Premio, kuna mchana taa nyekundu ya presha ya oili, yenye alama ya birika, itawaka ukiwa foleni. Injini imepata moto, AC inafanya kazi, mguu uko kwenye breki. Ukikanyaga mafuta kidogo inazima. Unapeleka gari gereji, na boneti haijafunguliwa unaambiwa: “Bosi, hii inataka ishirini-hamsini. Tia nzito, hiyo taa utaisahau.” Anamaanisha oili ya 20W-50.

Ushauri huo naupinga kwa sababu moja: unafanya kazi. Taa itazima kweli, utamshukuru fundi, na kilichoiwasha kitabaki pale pale kikiendelea kuila injini kimyakimya.

Kwenye magari mengi taa ile inaongozwa na swichi ndogo tu iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Presha ikishuka chini ya psi chache (psi ni kipimo cha presha), inawaka. Ikipanda juu ya hapo, inazima. Haijui kama una psi 8 au 60. Toyota wenyewe, kwa injini zao nyingi za petroli, huridhika na kilopaskali 29, yaani psi 4 na kidogo, injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa. Hicho ni kiwango cha chini sana. Kwa hiyo taa ikiwaka kwa haki, umeshafika sakafuni. Na ukiizima kwa oili nzito, huenda umeongeza psi mbili tatu tu, za kuizima na si zaidi.

Kazi ya pampu ya oili ni kusukuma. Presha inapatikana kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye nafasi finyu kati ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake, kama maji ya mpira wa bustani unapoyabana kwa kidole. Beringi zikilika, kidole kimelegea: oili inamwagikia pembeni na presha inashuka, hasa ikishapata moto na kuwa nyepesi. Oili nzito inapita kwa shida zaidi mahali hapo hapo, ndiyo maana presha inapanda. Nafasi yenyewe haijapungua hata unywele.

Na hapo tumewahukumu beringi bila kesi. Taa hiyo hiyo huwashwa na oili iliyopungua, swichi mbovu, filta ya ovyo, vali ya presha iliyokwama, au petroli iliyovujia kwenye oili na kuifanya maji (chomoa kijiti cha kupimia, kinuse, harufu haifichiki). Kinachonitisha zaidi ni tope. Gari lililocheleweshewa oili kwa muda mrefu huweka tope jeusi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na tope hilo huziba wavu ambao pampu inavutia oili. Hapo pampu inakosa cha kuvuta. Ukiongeza oili nzito umeizidishia mzigo, na asubuhi gari likiwaka beringi zinasubiri zaidi kabla ya kufikiwa.

Sasa namba, mfano 5W-30. Ile ya mwisho kwenye galoni inaeleza uzito wa oili ikiwa nyuzi 100, injini ikiwa kazini. Kwa viwango vya kimataifa vya SAE J300, oili ya 30 iko kati ya sentistoksi (kipimo cha uzito huo) 9.3 na 12.5, ya 40 inaishia 16.3, ya 50 inakaribia 21.9. Ukitoka 30 kwenda 50 unaweza kuwa umekaribia kuongeza uzito mara mbili, jambo ambalo kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, hutolewa kama mabadiliko ya rangi ya galoni. Namba yenye W inahusu kuwasha kwenye baridi, na kwa sababu 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, wengi wanasema hapa Dar haituhusu. Inatuhusu. Kwa oili, alfajiri ya nyuzi 25 bado ni baridi ukilinganisha na nyuzi 100 za kazini, na 20W-50 saa hiyo ni nzito kuliko 5W-30 kwa mbali. Mtu wa Njombe kwenye baridi ya mwezi wa saba ndiye inamhusu zaidi.

Injini hizi za Toyota za VVT-i, isitoshe, hazitumii oili kulainisha tu. Oili ndiyo inayosukuma mfumo wa kubadili majira ya vali (ndio VVT-i wenyewe), ikipita kwenye vali ndogo yenye kichujio chembamba, na ndiyo inayokaza cheni ya taimingi. Zilisanifiwa kwa oili nyepesi.

Kwa hiyo dai geji ya presha ya oili. Ni kipimo cha kawaida chenye mpira na vichwa vya nyuzi mbalimbali, wala si mashine ya maabara. Gari likishapata moto hadi feni imewaka, fundi anazima, anafungua swichi ya oili kwa spana, anafunga mpira wa geji mahali pake, anawasha. Soma likiwa limetulia. Kisha mwambie apandishe mizunguko hadi 3,000 na ashikilie hapo, usome tena. Mafundi wa zamani hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kitabu cha injini yako kina namba za uhakika.

Mshale ukisimama pazuri mara zote mbili, mara nyingi tatizo ni swichi, na swichi ni kitu cha bei ndogo. Ukiwa chini kote kote na haupandi hata ukikanyaga, shusha sampu, angalia wavu, kisha pampu. Ukiwa chini gari likitulia lakini ukapanda vizuri ukikanyaga, hapo ndipo uchakavu wa beringi unaaminika, na hapo ndipo mjadala wa oili una maana.

Na hapo sina ubishi. Panda ngazi moja: toka 5W-30 nenda 5W-40 au 10W-40, badilisha filta nzuri, pima tena. Kama gari ni la kwenda kazini na kurudi, na mfuko hauruhusu kufungua injini mwaka huu, huo ni uamuzi wa mtu mzima. 20W-50 nayo ina pake; kuna injini za zamani, na za dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser, ambazo kitabu cha nchi za joto kinairuhusu waziwazi. Ila usiimwage kwenye injini ya VVT-i kwa sababu tu fundi hana geji. Tafuta mwenye nayo. (Na haya yote ni bure kama galoni lenyewe limejazwa oili chakavu iliyochujwa.)

Wanaonufaika na mchezo huu kuliko wote ni wauzaji wa magari. Oili nzito pamoja na chupa ya dawa ya injini hunyamazisha kugonga kwa kranki kwa siku za kutosha kubadilisha kadi ya gari. Ukienda kununua, omba gari lisiwashwe kabla hujafika, usikilize sekunde za mwanzo, kisha uliendeshe mpaka lipate moto na uliache likiunguruma AC ikiwa imewashwa. Muulize mwenye gari anatia oili namba ngapi. Akijibu “nzito tu, haina shida,” bei ishuke au uondoke.

Taa ikiwaka ukiwa mwendoni, tuseme unapanda mlima Kitonga, usijadili namba na mtu. Weka pembeni, zima, pima kijiti. Kama oili ipo na taa bado inawaka ukiwasha, au injini inagonga, gari livutwe.