Picha Mmeziona, Sasa Sikieni Maelezo

Najua mmeshaziona zile picha zangu, narukaruka chini ya mti na uso mweupe. Huyu bwana ninayemwita rafiki kazisambaza kwenye magrupu yote, na kila grupu kaandika maelezo yake. Kwingine eti nilikuwa napambana na nyuki. Kwingine eti nimekutana na joka. Shangazi yangu kanipigia asubuhi hii, sauti ya upole kabisa, kuuliza kama nimeanza kubwia unga. Basi tulieni niwape yaliyotokea, maana uso bado unawasha.

Kuna mnyama anafukua bustani yangu usiku. Mimi nina kamera mtego, ile inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita, na mwenzangu, huyohuyo msambazaji, ana yake, tukazifunga kwenye miti miwili, pande mbili za kijia, zikitazamana. Ati ndivyo wafanyavyo watafiti wa chui, wapate madoa ya ubavu wa kulia na wa kushoto kwa mpigo mmoja. Sisi chui hatuna. Lakini mwenzangu akishasoma kitu hashikiki.

Kamera hizi zinakula betri 8 za AA kila moja. Yeye akaweka za lithiamu, zile za kutumia na kutupa, zote mpya, aina moja. Hotuba ikaanza: ni nyepesi, nguvu haishuki mpaka zikaribie kufa, zinavumilia baridi hata ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kuvuja kwake ni nadra. Nikamwambia, "Mzee, betri ni betri." (Na hiyo sentensi kaisambaza vilevile.) Mimi nikaweka alkalaini. Chache zilikuwa mpya. Nyingine nilizichomoa kwenye tochi, kwenye rimoti, na kwenye saa ya ukutani, ambayo mpaka leo inasema ni saa nne na robo. Kioo cha kamera kikaonyesha zimejaa. Nani asingeamini?

Mvua zikaanza, nikaiacha hukohuko msimu mzima.

Sasa juzi nikaenda kuchukua ushahidi wangu. Nilichosahau ni kwamba kamera ya mwenzangu iko mti wa pili, hai, na imepangwa kupiga picha tatu mfululizo kila ikihisi kitu chenye joto kinasogea. Mimi nina joto. Na siku hiyo nilisogea sana. Halafu kila picha ina mstari chini: tarehe, saa, nyuzi joto, hadi umbo la mwezi. Kwa hiyo aibu yangu imewekwa kumbukumbu pamoja na hali ya hewa.

Za mwanzo hazina neno. Nafika, mikono kiunoni, natabasamu. Navuta kifuniko cha betri, hakifunguki. Navuta kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukita kwenye mti, ulimi nje. Ile ya ulimi tuipite, tafadhali.

Kifuniko kikaachia. Hapa twende polepole, kwa sababu ndipo wengi mnapodanganywa. Ndani, betri mbili zimevimba, lebo zimebabuka. Springi hazionekani. Kila pembe kumechanua chembechembe nyeupe, na pale kwenye shaba zimeingia rangi ya kijani. Nikasogeza uso. Nikasogeza tena. Nikajisemea, "Vumbi hili." Jamani, vumbi! Kwenye kisanduku chenye mpira wa kuzuia hata tone la mvua, vumbi lingepenya wapi? Lakini kichwa kilishaamua. Nikavuta pumzi ndefu, nikajaza mashavu. Mashavu hayo yametoka vizuri kuliko mnyama yeyote aliyewahi kupita pale. Nikapuliza.

Kisanduku cha betri kina mlango mmoja tu, na mlangoni nilikuwa mimi. Pumzi ikaenda, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi na mzigo wote: machoni, puani, na mdomoni, maana mdomo ulikuwa bado umeduara. Nikabaki na sura ya mtu wa mashine ya kusaga. Kwa muda kidogo hapakuwa na maumivu. Nikapata hata nafasi ya kufikiri kwamba nimepona.

Sikupona.

Kumbe ndani ya alkalaini mna haidroksidi ya potasiamu, dawa kali inayounguza. Betri chovu ukiipanga mstari mmoja na nzima, chovu inaisha mapema, lakini nzima zinaendelea kuilazimisha ipitishe umeme. Inageuzwa kinyumenyume, inazaa gesi ya haidrojeni, presha inapanda, kizibo kinaachia, dawa inatoka. Ikikutana na hewa inaganda, nyeupe. Juu imekauka, chini bado mbichi na inateleza vidoleni, kwa sababu imeshaanza kugeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule maelezo yangu yalikuwa "Mamaaa!", pamoja na ngoma mnayoiona kwenye picha zote zinazofuata. Nyuki hayumo hata mmoja.

Nikampigia mwenzangu, macho nimefumba, nikamwambia betri imenimwagikia usoni. Akaja mbio na chupa ya siki! Kasoma mahali kwamba siki ndiyo inayoua dawa ya alkalaini. Ni kweli, lakini ni siki ya springi, si ya macho. Tukabishana nikiwa nimefumba macho, mpaka nikapata bomba. Ni maji tu yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha kwa daktari. Daktari alicheka, ila kwanza alinitibu.

Kamera nayo imepona. Vijiti vya pamba, siki kidogo, povu likachemka, kisha spiriti ya kufutia, na safari hii nilivaa glavu na miwani kama naingia maabara. Springi moja ilikuwa imelika, ikakatika nikiigusa. Fundi kaweka nyingine. Sasa zimo lithiamu tupu, na saa ya ukutani bado inadai betri yake.

Mnaoniuliza inbox kuhusu za kuchaji: zile za kawaida ni volti 1.2, si 1.5. Nane kwa mstari mmoja zinakupa 9.6 badala ya 12, na kamera nyingine zitalia zimeisha siku uliyoziweka. Someni kijitabu cha kamera kwanza. Na zile za volti 3.7 zenye umbo lilelile la AA msithubutu, mtaiunguza.

Mharibifu wa bustani ni nungunungu. Kapigwa picha usiku uleule, na kamera ya mwenzangu bila shaka, ananusa kofia yangu niliyoiangusha. Picha nzuri mno. Hakuna aliyeisambaza.

Na wewe uliyeyageuza mashavu yangu kuwa stika, nakujua. Ulinitumia mwenyewe kwa bahati mbaya ukafuta, lakini nilishaiona.