Vizimba vya Hifadhi ya Impala Kisumu: tuwapeleke watoto?

Wapo wazazi Kisumu wasiotaka kabisa kuwapeleka watoto wao Hifadhi ya Impala, pale ufukoni mwa Ziwa Victoria, kwa kuwa wanaona kulipa kiingilio ni kugharamia vizimba. Mimi nasema tuwapeleke, ila hoja ya wanaokataa ni nzito na haijajibiwa ipasavyo.

Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 1992 ili kuwaokoa swala pala wa mwisho waliobaki mjini, na kuwapa viboko mahali salama pa kula nyasi wanapotoka majini. Hao hawafungiwi. Mtoto wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta, ambaye kwao hakuna nauli ya kumfikisha Maasai Mara, anasimama hatua chache tu kutoka kwa swala anayetafuna, anaona masikio yakigeuka kufuata sauti yake, naye ananyamaza bila kuambiwa. Somo hilo halimo kitabuni. Kuna pia nzohe, swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame topeni. Ndiye aliyefanya Saiwa, karibu na Kitale, itengwe kuwa mbuga mwaka 1974.

Upande huu sina ubishi nao. Ubishi uko kwenye vizimba.

Shirika la Wanyamapori, KWS, huitumia hifadhi pia kuwaweka wanyama waliozua balaa kwa watu: chui, fisi, nyani, nyati. Wanaopinga hukumbusha kwamba simba porini huhitaji makumi ya kilomita za mraba, hata mamia, ilhali hifadhi nzima haizidi kilomita moja ya mraba. Mla nyama akifungiwa padogo, popote pale duniani, mara nyingi huishia kwenda na kurudi kando ya waya, njia ile ile, hadi nyasi zinakufa chini ya nyayo zake. Watoto hushangilia wakidhani anawachezea. Kumbe hiyo ni dalili ya mateso, na mtoto aliyemjua simba kwa sura hiyo peke yake amefundishwa uongo.

Hilo ni kweli. Lakini uliza chui aliyezoea mbuzi wa watu angepelekwa wapi, uone jibu linavyokuwa gumu. Ukimhamishia mbuga nyingine atamkuta chui mwenye eneo lake, wapigane, au atafunga safari ya kurudi alikotoka, na njiani kuna mazizi. Ukimwacha, wafugaji watamtegea nyama yenye sumu, na sumu haichagui: tai na fisi wanaokula mzoga nao hufa. Kizimba, basi, kimemwokoa chui mmoja na kifo. Nakubali. Nisichokubali ni kuliita jambo hilo uhifadhi.

Uhifadhi unaopitia kizimbani upo, na nchi hii imeuona. Bongo wa milimani, swala wakubwa wa msituni ambao baadhi yao bado wako katika misitu ya Mau na Eburu, wanakadiriwa kuwa chini ya 100 porini. Zamani wengine walikamatwa Kenya na kupelekwa bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2004 wazao wao 18 walirudishwa, wakazalishwa chini ya Mlima Kenya, na ikawa 2022 ndipo wa kwanza walipoachiliwa katika hifadhi ya msituni ya Mawingu, baada ya kulelewa hatua kwa hatua wasimtegemee binadamu. Kazi ya miaka 18! Bila zile bustani, hao wasingekuwepo. Kwa hiyo mimi hupima kizimba kwa swali moja: je, mnyama huyu, au wanawe, ana njia ya kurudi porini?

Chui wa balaa hana. Basi kando ya kizimba chake pawe na kibao kwa Kiswahili na Dholuo kinachosema alikamatwa wapi na kwa nini hawezi kuachiliwa. Asizalishwe ili tu wageni wapate watoto wa chui wa kutazama.

Nawe mzazi, anzeni ziara kwa swala na mafunjo, mkiwa bado na nguvu. Chakula kibaki mkobani, maana tumbili aliyepewa ndizi leo, kesho atampokonya mtoto mwingine. Mkifika kwa chui, muulizeni askari wa wanyamapori alikotoka, na watoto wasikie jibu lenyewe.