Daraja lililosahauliwa katika ofisi ya mkuu wa mkoa

Tope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, Desemba 3, 2023, Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, na kutoka huko akaagiza vyombo vya ulinzi na usalama viende Manyara. Askari walifika, wakachimba, wakatafuta waliofukiwa, na kila aliyeona picha zile aliwashukuru. Nami niliwashukuru. Hata hivyo, tangu siku ile najiuliza ni nani mkoani, katika mkoa wowote ule, ambaye kazi yake ni kujua mapema askari wakija wapitie wapi, wamkute nani, na wakabidhiwe nini.

Kwa utaratibu wetu, mkuu wa mkoa ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa na pia huongoza kamati ya usimamizi wa maafa, ambayo leo inafuata sheria ya mwaka 2022. Mtu ni yuleyule, ila mafaili ni mawili, na nionavyo mimi hayasomwi pamoja. La usalama hufunguliwa kila mara. La maafa husubiri mvua. Tena kambi ya jeshi iliyopo mkoani haipokei amri kwa mkuu wa mkoa, na ni sawa kabisa iwe hivyo, kwa sababu jeshi lina Amiri Jeshi Mkuu mmoja. Kwa kuwa hawezi kuamuru, kilichobaki mikononi mwake ni kuratibu, na uratibu hauwezi kuanza siku ambayo watu wamekwisha kufukiwa.

Jambo linalonishangaza ni kwamba daraja kati ya jeshi na ofisi ya mkuu wa mkoa tunalo. Katika ofisi za mikoa na wilaya yupo Mshauri wa Jeshi la Akiba, ambaye wengi bado tunamwita mshauri wa mgambo: ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) anayefanya kazi miongoni mwa raia na anayesimamia mafunzo ya mgambo hadi ngazi ya kata. Niliwahi kuhudhuria kikao cha maandalizi ya masika katika wilaya ambayo sitaitaja. Orodha ya mawasiliano iliposomwa, watu watatu walikuwa wamekwisha kuhamishwa, namba moja haikupatikana, na greda lililoandikwa "lipo tayari" lilikuwa gereji. Mshauri alikaa karibu na dirisha, ameshika daftari lenye majina ya mgambo, kata kwa kata, pamoja na namba zao za simu. Hakuna aliyemwuliza. Mjadala uliochukua muda mrefu zaidi siku ile ulikuwa wa posho.

Naelewa wanaosita. Kwa mmachinga aliyewahi kunyang'anywa meza yake, neno mgambo halileti picha ya mwokozi, na hofu hiyo haitaondolewa kwa semina. Itapungua mgambo huyohuyo akionekana akizibua mitaro na kuwahamisha wazee wa mabondeni kabla maji hayajajaa.

Daftari hilo, hata hivyo, halitoshi likiwa na majina ya mgambo peke yao. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika, na kijana Majaliwa Jackson alieleza kuwa alitumia kasia kuufungua mlango. Watu 24 walinusurika, 19 walifariki. Majaliwa alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, heshima aliyoistahili. Lakini wavuvi wenzake, wanaojua kina cha maji na mahali penye mawe, wanapaswa nao kuandikwa katika mpango wa mkoa, pamoja na mitumbwi yao na mtu wa kuwapigia simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa mikoa ni dogo. Kabla ya masika, mwiteni Mshauri wa Jeshi la Akiba, kamanda wa zimamoto, mganga mkuu, meneja wa TANROADS, wakala wa barabara, na mwenyekiti wa wavuvi, mzipige namba zote zilizomo kwenye orodha pale pale mezani, na isiyopokelewa ifutwe kabla mtu yeyote hajasaini posho.