Aya ya upendo na aya ya nguo

Walawi 19:18 inaamuru: "umpende jirani yako kama nafsi yako." Aya inayofuata inakataza kuvaa nguo ya namna mbili zilizochanganywa. Wakristo wengi wanaijua ya kwanza kwa moyo, na hawajawahi kuikagua shati kwa ajili ya ya pili. Kwa haki gani?

Jibu lililozoeleka ni kuigawa Torati mafungu matatu: maadili, ibada na sheria za kiraia. Mwanateolojia Thomas Aquinas aliufafanua mgawanyo huo karne ya 13, na Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Waprotestanti wa Uingereza, likaushika: maadili yanadumu, ibada zimetimia katika Kristo, na za kiraia zilikoma pamoja na dola ya Israeli, ila haki iliyomo ndani yake. Mgawanyo huo una nguvu yake. Katika Matendo 15 mitume walikataa kuwatwika watu wa Mataifa tohara. Lakini Walawi haina vichwa vya kutenga mafungu hayo. Aya hizo mbili zimekaa sako kwa bako. Anayepanga ni msomaji, na msomaji ana maslahi yake.

Riba ndiyo inayonisumbua zaidi. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini. Kanisa halikulichukulia katazo hilo kimzaha: Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa 325 uliwakataza makasisi kukopesha kwa riba, na ule wa Laterano wa 1179 ukawanyima waliojulikana wazi kukopesha kwa riba ushirika na maziko ya Kikristo. Baadaye Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, akairuhusu kwa masharti, akitofautisha mkopo wa biashara na kumkamua mwenye shida. Hoja yake naikubali. Ila tumeikumbatia ruhusa, masharti tumeyaacha njiani. Ni mara ngapi mimbarini anakemewa anayemkopesha mjane mpaka anamfilisi?

Wanaosema "andiko ni andiko, tusichague" wana hofu ya haki: anayetafuta kiini cha sheria anaweza kukiona popote anapotaka. Hata hivyo, nao hawampeleki mwana mkaidi langoni apigwe mawe, kama Kumbukumbu la Torati 21 inavyoagiza. Wapo wanaoeleza kwamba sheria hiyo ilimpunguzia baba mamlaka, kwani ilimlazimu yeye pamoja na mama kufika mbele ya wazee. Maelezo hayo yanasaidia. Lakini mwisho wa aya kijana anakufa, na siridhiki na mfafanuzi anayelipita hilo mbio.

Mimi naangalia walivyofanya Yesu na Paulo. Kuhusu talaka, Yesu alisema Musa aliruhusu kwa ugumu wa mioyo, kisha akarudi kwenye uumbaji. Waliobanwa ni wanaume waliokuwa na uwezo wa kuwaacha wake zao. Katika 1 Wakorintho 9, Paulo anaichukua sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka na kudai ujira wa mhubiri, kisha anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Kwa hiyo nauliza: tafsiri yangu inambebesha nani mzigo, mimi au mwingine?

Swali hilo halimalizi kila ubishi. Waadventista wa Sabato na Waorthodoksi wa Ethiopia hujinyima nyama ya nguruwe kwa kuzingatia Walawi 11, na wanaoubeba mzigo ni wao wenyewe. Siwezi kuwashtaki kwa kujipendelea. Nikitofautiana nao, itanibidi nirudi kwenye Marko 7 na Matendo 10, panapozungumziwa kilicho safi na kilicho najisi, tusome pamoja.